Kusikiliza podikasti kwa faida ya ukurasa: mwongozo kwa waandishi wa Lubumbashi

Lubumbashi ina watu wengi wanaoandika kuliko inavyoonekana. Mmoja ana daftari la mashairi ndani ya begi la kazi, mwingine anaandika riwaya kwenye simu usiku watoto wakishalala, mwingine ana tamthilia aliyoianza chuo kikuu na hajaimaliza. Wanachokosa wengi wao ni mtu wa kuzungumza naye juu ya ufundi. Warsha za uandishi huja mara moja moja, pale Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, au kwenye ukumbi fulani wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, watu hubadilishana namba za simu, kisha kimya.

Podikasti, yaani vipindi vya sauti unavyopakua kwenye simu, zinaweza kuziba pengo hilo kwa mega chache tu. Ila zina mtego wake. Ukisikiliza waandishi wakieleza kazi yao, unatoka na hisia kwamba na wewe umefanya kazi, kumbe ukurasa wako uko pale pale ulipouacha. Hatua zifuatazo zimepangwa ili unachosikia kiishie kwenye karatasi. Zifuate kwa mpangilio mara ya kwanza; baadaye utajua zipi uziruke.

Hatua ya 1: Jua andiko lako limekwama wapi

Kabla ya kutafuta kipindi chochote, soma kurasa zako tano za mwisho na uandike sentensi moja inayotaja shida. Andika shida yenyewe, kwa mfano: "Watu wangu wote wanaongea sauti moja", au "Kila sura inaanza mtu akiamka", au "Nimefika katikati na sijui hadithi inaelekea wapi". "Nataka kuwa mwandishi bora" haitakusaidia kuchagua chochote.

Sentensi hiyo ndiyo utakayotumia kuchagua sehemu za kusikiliza. Kipindi kimoja huwa na mamia ya sehemu zilizokusanyika miaka na miaka, na wanaoanza kwa kusikiliza iliyotoka jana mara nyingi hupata mazungumzo ya kutangaza kitabu kipya. Shuka kwenye orodha ya zamani, soma vichwa, chukua ile inayogusa shida yako.

Hatua ya 2: Chagua vipindi vichache

Huku kwetu wengi tumesoma shule kwa Kifaransa, tunaongea Kiswahili nyumbani na sokoni, na Kiingereza tunakisikia kwa taabu. Kwa hiyo nitaanza na Kifaransa, ingawa miongozo mingi ya mtandaoni huanza na kumaliza na Kiingereza.

Ukiweza kupata kimoja tu, chukua Bookmakers cha ARTE Radio, kilichoanza mwaka 2020. Mtangazaji Richard Gaitet anakaa na mwandishi mmoja, na mazungumzo yao hugawanywa, mara nyingi, sehemu tatu. Maswali yake ni ya fundi kwa fundi: unaandika saa ngapi, unafuta nini, sentensi hii ilikuwaje kabla haijawa hivi. Mwandishi anasoma kipande cha kitabu chake, kisha analazimika kukifungua na kuonyesha kilivyoundwa. Kusikia mtu mwenye tuzo akikiri kwamba ukurasa mmoja ulimla mwezi mzima kunatuliza roho kuliko hotuba yoyote.

À voix nue cha France Culture ni cha taratibu zaidi: mtu mmoja anahojiwa kwa sehemu tano, kila moja karibu nusu saa. Si waandishi peke yao wanaohojiwa pale, kwa hiyo chagua majina. Na RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana Littérature sans frontières, ambako waandishi wa Afrika na Karibi hupata nafasi. Anayeandika tamthilia asikose Ça va, ça va le monde !, mfululizo wa RFI wa tangu 2013 ambamo tamthilia za waandishi wa nchi zinazozungumza Kifaransa, wengi wao wa Afrika, husomwa na waigizaji mbele ya watu huko Avignon, Ufaransa. Hakuna jukwaa lililopambwa wala mavazi ya kutegemea. Mazungumzo yakiwa dhaifu, unayasikia yakianguka.

Kwa Kiingereza, Writing Excuses kilianza mwaka 2008, na waanzilishi wake wakajiwekea dakika kumi na tano kwa kila sehemu. Siku hizi huzidi kidogo, lakini bado ni kifupi. Uzuri wake ni kwamba kila sehemu huishia kwa kazi ya kufanya nyumbani. Msimu wa kumi, wa mwaka 2015, ulipangwa kama kozi nzima, kuanzia wazo hadi kusahihisha; anayeanza aanzie hapo. Wanazungumza zaidi juu ya hadithi za kisayansi na za kichawi, usikwazwe na hilo. Kama Kiingereza chako kinayumba, maandishi ya sehemu nyingi yamewekwa mtandaoni: yasome kwanza, hata kwa msaada wa programu ya kutafsiri, ndipo usikilize.

The New Yorker: Fiction, cha tangu 2007, kina mpango rahisi sana. Kila mwezi mwandishi mmoja anachagua hadithi fupi ya mwandishi mwingine kutoka kwenye hazina ya gazeti hilo, anaisoma yote kwa sauti, kisha anaijadili na mhariri Deborah Treisman. Na BBC wana World Book Club, ambamo wasomaji wa kawaida kutoka nchi mbalimbali wanamuuliza mwandishi maswali juu ya kitabu chake kimoja kinachojulikana. Maswali ya wasomaji ndiyo hazina. Utashangaa jinsi wanavyojali mambo ambayo mwandishi aliyapita haraka.

Kwa Kiswahili, vipindi vya kufundisha ufundi wa kuandika ni vichache mno. RFI Kiswahili wana Nyumba ya Sanaa, kinachozungumza na wasanii wa kila aina, waandishi wakiwemo. DW, redio ya kimataifa ya Ujerumani, walitengeneza michezo ya redio ya Noa Bongo! Jenga Maisha Yako. Ilikusudiwa kuelimisha vijana, lakini mwandishi anaweza kuisikiliza kwa sababu nyingine kabisa, yaani kujifunza jinsi mahali, saa na hali ya mtu vinavyojulikana kwa mazungumzo matupu, bila msimulizi. Zaidi ya hapo, Kiswahili chako utakitafuta kwa njia ya hatua ya 6.

Chukua kipindi kimoja cha mahojiano na kimoja cha mazoezi, basi. Ukijiandikisha kwenye vipindi kumi na vitano, simu itajaa na wewe utaona haya kila ukiifungua.

Hatua ya 3: Pakua, usisikilize moja kwa moja mtandaoni

Hesabu yenyewe ni hii. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu mega 1 kwa dakika, kwa hiyo mahojiano ya saa moja ni kama mega 58. Ya kilobiti 64, ambayo inatosha kabisa kwa watu wanaozungumza, inakula nusu yake. Ukisikiliza moja kwa moja mtandaoni na ukarudia mara mbili, kama nitakavyokuomba hapa chini, unaweza kulipa mara mbili. Ukipakua, unalipa mara moja.

Kwenye simu za Android, programu ninayoipendekeza ni AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo yake yenyewe, na haikuombi kufungua akaunti. Ukishaiweka, ingia kwenye mipangilio na ufanye haya kabla ya jambo lingine: zima upakuaji wa kujiendesha, ruhusu upakuaji kwa Wi-Fi tu, na washa ufutaji wa sehemu ulizomaliza kusikiliza. Ukikuta mwongozo wa zamani unaokuelekeza Google Podcasts, uache. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2024.

Kisha tafuta Wi-Fi unayoweza kuifikia mara moja kwa juma, iwe kazini, chuoni au kwa rafiki, na upakue za juma zima kwa mkupuo. Tovuti nyingi za redio, ARTE Radio ikiwemo, zinakuruhusu pia kupakua faili lenyewe la sauti, nalo unaweza kulirusha kwa Bluetooth kwenda simu ya mwenzako bila kutumia mega hata moja. Kadi ya kumbukumbu ya giga 16 inabeba zaidi ya saa 250 za mazungumzo, hata yale ya kilobiti 128. Umeme ukikatika jioni, simu yenye faili ndani yake na mtandao umezimwa hudumu na chaji muda mrefu kuliko simu inayohangaika kutafuta mawimbi.

Hatua ya 4: Sikiliza mara mbili

Mara ya kwanza sikiliza mikono ikiwa na kazi: unafua, unasonga bukari (ugali), uko ndani ya basi kutoka mtaa wetu wa Kenya kwenda mjini. Juu ya pikipiki ya manseba, yaani teksi ya pikipiki, usijaribu. Unahitaji masikio yako kwa ajili ya barabara. Mara hii ya kwanza usiandike chochote. Acha yapite, uone lipi litabaki kichwani bila kulishika.

Mara ya pili kaa na kalamu, na usikilize dakika kumi tu zilizozunguka lile lililobaki. Simamisha. Andika mwandishi alichofanya, si alichohisi. "Alisema uandishi ni safari ndefu" hakuna faida kuandika hilo. "Aliandika sura ya kwanza mwisho, baada ya kujua nani atakufa" hilo andika, kwa sababu kesho unaweza kulijaribu.

Kwa The New Yorker: Fiction kuna namna yake. Sikiliza hadithi mpaka mwisho, halafu zima kabla mjadala haujaanza. Andika mistari michache: hadithi iligeuka wapi, nani alijua nini na lini, kwa nini iliishia pale. Ndipo uwashe usikie mhariri na mwandishi wanasemaje. Mara nyingi watakuwa wameona kitu usichokiona, na mara chache wewe utakuwa umeona walichokosa. Zoezi hili peke yake, likifanywa mara moja kwa mwezi, linanoa jicho la kusoma kuliko podikasti nyingine zote kwa pamoja.

Kasi ni jambo dogo lakini lina maana. Kiingereza kikikushinda, punguza hadi 0.8. Wapo wanaopandisha hadi mara mbili ili wamalize nyingi. Sioni wanachokimbilia, mapumziko ya mtu anayefikiri kabla ya kujibu ni sehemu ya jibu.

Hatua ya 5: Geuza ulichosikia kuwa ukurasa, siku hiyo hiyo

Hapa ndipo wengi wanapoacha. Tuchukue ushauri mmoja unaorudiwa katika karibu kila kipindi cha ufundi: ingia kwenye tukio kwa kuchelewa, pale mambo yanapoanza kuwaka. Kuukubali ni rahisi. Sasa angalia kipande hiki:

"Jua lilichomoza juu ya Katuba. Mama Safi aliamka, akanawa uso, akachukua bidoni yake ya manjano. Alifungua mlango, akasalimia jirani, akaelekea kwenye bomba. Alipofika alikuta foleni ndefu. Alipotafuta nafasi aliyokuwa ameiwekea jiwe tangu jana usiku, aliona mtu mwingine ameichukua. Alikasirika sana."

Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna sababu ya kuendelea kusoma. Jua, uso, mlango na jirani havina kazi. Hadithi inaanza kwenye jiwe. Kwa hiyo:

"— Hapa palikuwa na jiwe langu.

— Jiwe gani, mama? Mimi nimekuta nafasi.

Mama Safi aliinama, akatazama chini ya bidoni ya yule kijana. Jiwe lilikuwepo. Alikuwa amelikalia."

Sasa hatuhitaji kuambiwa kwamba alikasirika. Asubuhi tunaijua kwa foleni. Katuba inaweza kutajwa baadaye, mtu akipaza sauti kwamba hapa Katuba mambo hayaendi hivyo.

Kazi yako baada ya kila kipindi ni ya namna hii: chukua ukurasa mmoja wa zamani, tumia jambo moja ulilolisikia, andika upya ukurasa ule. Uhifadhi wote wawili, wa kwanza na wa pili. Wakati mwingine wa kwanza ndio bora na ushauri haukukufaa, nalo ni jibu. Waandishi wanaohojiwa hupingana wao kwa wao. Mmoja hawezi kuandika bila mpango, mwingine akiwa na mpango anakufa ganzi. Ukurasa wako ndio utakaoamua yupi anakufaa.

Hatua ya 6: Geuza simu iwe redio yako mwenyewe

Podikasti za mbali zitakupa mbinu. Hazitakupa sauti za hapa, na mwandishi wa Lubumbashi ana bahati ya kuishi katika mji ambao maneno yake yamekuwa sanaa kwa muda mrefu. Kundi la Mufwankolo liliuchekesha mji huu redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha hapa hapa, na waigizaji wake hawakukariri mazungumzo yaliyoandikwa: walikuwa na mtiririko wa hadithi, maneno wakayajenga wenyewe kwenye mazoezi. Na mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu, kwa Kiswahili cha mji. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapa mwaka 1990, maandishi yale yalikuwa magumu kufuatwa kwa macho. Ilibidi mzungumzaji wa Kiswahili cha huku ayasome kwa sauti ndipo sentensi zikakaa mahali pake. Anayeandika Kiswahili cha Lubumbashi leo bado yuko kwenye hali hiyo hiyo: sikio linafika kabla ya jicho.

Anza na sauti yako. Soma sura uliyomaliza mbele ya simu, bila kuigiza, kisha isikilize kesho yake ukiwa njiani na spika za masikioni, kama vile ni kipindi cha mtu mwingine. Mahali ulipojikwaa ukisoma, sentensi ni ndefu au ni ya uongo. Mahali ulipoanza kuwaza mambo mengine, msomaji ataacha kitabu.

Baada ya hapo rekodi wengine, kwa ruhusa yao. Bibi anayesimulia maisha ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, shangazi anayejua misemo ya ndoa, mzee wa mtaa. Waambie wazi kwamba unaandika, na usitumie jina la mtu bila yeye kukubali. Sokoni usirekodi kwa kujificha. Kaa, sikiliza, ukifika nyumbani andika kwa kumbukumbu:

— Mama, hii fungu ni ngapi?

— Elfu mbili.

— Leteko ku elfu moja na mia tano.

— Hapana, papa. Tomati ilipanda.

— Basi uongezeko moja, ya matabishi.

Mtu wa mji huu akisoma hapo anamwona mama, anaona na meza. Ukiyasafisha mazungumzo hayo yawe ya darasani, wote wawili watakuwa walimu. Kwa maoni yangu msimulizi anaweza kubaki na Kiswahili sanifu, ili kitabu kisomeke hadi Kigoma na Mombasa, na watu wa hadithi waachiwe midomo yao. Redio Okapi, inayorusha matangazo kwa lugha tano tangu mwaka 2002, ni chanzo kingine kizuri: sikiliza wasikilizaji wanaopiga simu au kuhojiwa barabarani, linganisha Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu na Goma. Mtu wa riwaya yako akitoka Kivu, asiongee kama amezaliwa hapa kwetu Kamalondo.

Hatua ya 7: Sikilizeni pamoja

Watu wanne wanatosha. Chagueni sehemu moja kwa majuma mawili, mmoja aipakue, airushe kwa wengine. Kila mtu aje na ukurasa mmoja alioandika upya kutokana na sehemu hiyo. Asiye na ukurasa anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ila hasemi juu ya kurasa za wengine. Sheria hii inaonekana kali, lakini bila yake kikao kinageuka kuwa mazungumzo juu ya podikasti, na mwenye mdomo mrefu anatawala. Wasioweza kufika watume usomaji wao kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika tatu mwisho.

Na hamasa je?

Wengi hutafuta podikasti kwa ajili hiyo: wamechoka, wamekata tamaa, wanataka mtu awaambie wanaweza. Vipindi vya kupeana moyo vipo tele, na mimi naviepuka. Vinakuwasha saa moja, kesho unahitaji kingine. Siku ya uchovu, rudia mahojiano ya mwandishi unayempenda akieleza kitabu kilichomshinda. Au sikiliza hadithi moja nzuri ikisomwa vizuri, bila maelezo. Hamu ya kuandika hutokana na kusikia kazi iliyofanywa sawasawa.

Tarehe nayo inasukuma. Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, ya nathari na ya ushairi. Wa tamthilia kwa Kifaransa wana Prix Théâtre RFI, inayotolewa tangu mwaka huo huo wa 2014. Masharti na tarehe hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika kwenye tovuti zao, si picha iliyosambazwa kwenye makundi. Tarehe ukishaijua, hesabu kurudi nyuma: miezi miwili ya mwisho iwe ya kusoma mswada wote kwa sauti na kuurekodi, sura kwa sura. Katika miezi hiyo ondoa podikasti kwenye simu, upate nafasi ya faili zako mwenyewe. Sura ambayo umejikwaa mahali pamoja mara mbili, usiitume kabla hujaiandika upya.